Kumsoma Aniceti Kitereza: Utangulizi

Wengi wanaoifungua riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali huiweka chini kabla hawajafika mbali. Lugha haiwashindi, kinachowashinda ni mwendo. Mtu akienda ukweni, tunasimuliwa salamu zote, mapokezi, chakula kilivyopikwa na kilivyoliwa, hadi maneno ya kuagana na hatua za kumsindikiza mgeni. Msomaji hujiuliza kisa kitaanza lini. Utangulizi huu ni kwa ajili ya msomaji huyo, awe mwanafunzi, mwalimu au mtu apendaye tu kusoma. Dai langu ni kwamba kisa kilikwisha kuanza. Katika riwaya hii hodi, deni, ziara na mtungi wa pombe ndivyo vinavyosukuma matukio, na anayeviruka anairuka riwaya yenyewe.

Kwanza, mwandishi. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Viktoria. Kwa nasaba alikuwa wa Abasilanga, ukoo wa watawala wa Wakerewe, lakini utoto wake uliangukia wakati ambapo mamlaka ya ukoo huo yalikuwa yamekwisha kuingia chini ya Wajerumani. Alisoma kwa mapadri wa Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikojifunza Kilatini na Kijerumani pamoja na masomo mengine ya kanisa. Upadri hakuufikia. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Alifanya kazi Mwanza kwa mfanyabiashara, akarudi kisiwani, akawa karibu na misheni kwa miaka mingi huku akikusanya masimulizi, methali na historia ya watu wake. Watoto waliowapata yeye na Anna walikufa wangali wadogo, na wawili hao waliendelea kuishi pamoja.

Padri mmoja wa misheni, Almas Simard, alimhimiza aandike mila za Wakerewe zisije zikapotea. Kitereza angeweza kutoa kijitabu cha mila chenye sura ya ndoa, sura ya mazishi na sura ya kilimo. Yeye akatoa riwaya. Aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Ili kuupima mwaka huo, tukumbuke kwamba Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1951. Mzee wa Ukerewe alikuwa ameketi na mswada mnene wa riwaya wakati riwaya ya Kiswahili yenyewe ilikuwa bado inatambaa.

Mswada huo ulikaa miaka 35 bila kuchapishwa. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na hakuna mchapishaji aliyekuwa tayari kubeba gharama ya kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja. Baada ya uhuru hali haikuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa nguvu za taifa zilielekezwa katika Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti, wakamfahamu Kitereza na kuanza kumtangaza kwa wasomi. Mzee mwenyewe aliifasiri kazi yake yote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa ikiwa na mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Sasa tuingie katika kitabu. Myombekere na Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno: mwanamke huyu ni wa nini, mbona hujaoa mwingine? Maneno yanawafikia wakwe, nao hawavumilii binti yao kutukanwa. Wanakuja na kumchukua. Myombekere anabaki peke yake nyumbani. Mwanamume wa Ukerewe ya zamani kukaa bila mke maana yake ni kukosa wa kumpikia, wa kusaidiana naye shambani, na wa kumpokea mgeni kwa heshima inayostahili. Anaondoka kwenda kumwomba mkewe ukweni. Wakwe wanakubali kwa sharti: alete pombe ya ndizi kama fidia ya matusi ya nduguze.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, na hapa ndipo ningependa msomaji wangu apunguze mwendo. Kutengeneza pombe ya ndizi si kazi ya mtu mmoja. Ndizi hukatwa na kuvundikwa hadi ziive, hukamuliwa kwa nyasi, maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huachwa yachachuke. Kila hatua inataka mikono, vyombo na siku yake. Mwanamume aliyeachwa na mke hana budi kuomba: huyu amsaidie kukamua, yule amwazime chombo, wengine wamsaidie kubeba mitungi. Na kila anayeombwa lazima aambiwe pombe ni ya nini. Kwa hiyo mitungi inapofika ukweni, ujirani mzima umekwisha kuingia katika suluhu. Sharti la wakwe limemlazimisha mume kutangaza hadharani, kwa jasho lake, kwamba anamtaka mkewe. Mwandishi mwingine angeyaweka hayo katika hotuba ya machozi. Kitereza ameyaweka katika kazi ya kutengeneza pombe, akamwachia msomaji ayaone.

Ukishaona hivyo, mengine yanafunguka. Mganga Kibuguma anapoitwa kumtibu Bugonoka, tiba yenyewe ina masharti, malipo, safari na subira, na ndoa inaonekana upya kupitia namna wawili hao wanavyoyabeba masharti hayo pamoja. Ntulanalwo anazaliwa, na baadaye dada yake Bulihwali. Nusu ya pili inawafuata watoto hao katika makuzi, hatari na ndoa zao, hadi wazazi wanapozeeka na kufa. Kisa kinachoanza na nyumba iliyokosa mtoto kinakwisha na nyumba iliyopata warithi.

Swali la kwanza linalowagawa wasomi ni hili: je, hii ni riwaya au ni hazina ya mila iliyovalishwa majina ya watu? Wanahistoria na wanaanthropolojia wana haki ya kuitumia kama hazina. Imejaa maarifa ya dawa, kilimo, uvuvi na adabu. Lakini tazama tena alichofanya Myombekere. Mila ilimpa njia rahisi, nayo ni kuoa mke mwingine, na ndugu zake walimsukuma aifuate. Alikataa. Riwaya nzima inasimama juu ya kukataa huko. Kitereza aliijua mila kwa undani, na kwa sababu aliijua, aliweza kuonyesha mtu mmoja akiitumia sehemu moja ya mila, yaani suluhu, fidia na heshima kwa wakwe, ili kuipinga sehemu nyingine. Hazina ya mila haifanyi hivyo. Riwaya hufanya. Msomaji anayejua maisha ya Aniceti na Anna atashawishika kuona humu habari zao. Ushauri wangu ni kwamba jambo hilo alijue kisha aliweke kando, maana kisa kinajitegemea.

Swali la pili ni gumu zaidi. Je, kijiji hiki kimepambwa mno? Kitereza, mkatoliki aliyesomeshwa na mapadri, ameandika Ukerewe ya kabla ya wazungu, na kanisa halimo. Hartwig alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1976 kwamba Wakerewe wa karne ya 19 walikuwa ndani ya biashara ya masafa marefu, pembe za ndovu zikisafiri kutoka ziwani kuelekea pwani. Biashara hiyo na misukosuko yake si kiini cha riwaya. Wapo watakaosema mwandishi ameyafumbia macho mambo hayo. Naona amechagua ukubwa wa picha: nyumba, ukoo, ujirani. Ndani ya ukubwa huo hakuficha maradhi, chuki, wivu wala mauti. Hata hivyo hoja haijafungwa, na mwanafunzi anayeweza kusoma historia na fasihi kwa pamoja atakuwa na la kuongeza.

Swali la tatu linahusu majirani wa Kitereza katika fasihi. Kisiwa hicho hicho kimetoa waandishi wengine wawili wakubwa. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, ikafuatiwa na Kichwamaji mwaka 1974 na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Gabriel Ruhumbika aliandika Village in Uhuru, iliyotoka mwaka 1969, kisha akaandika riwaya za Kiswahili, zikiwemo Miradi Bubu ya Wazalendo na Janga Sugu la Wazawa.

Tazama miaka hiyo vizuri. Wasomaji wa Kiswahili walikutana na nyumba ya Zakaria, baba mlevi na mkali wa Rosa, miaka tisa kabla ya kukutana na nyumba ya Myombekere. Kijiji kilichovunjika kilitangulia kuchapishwa. Kijiji kilichosimama kilifuata, ingawa kiliandikwa zamani zaidi. Ndiyo maana wengi walimpokea Kitereza kama mzee anayetamani ya kale, kana kwamba alikuwa anamjibu Kezilahabi. Hakuwa anamjibu. Ukiwasoma kwa mfuatano wa kuandika, unaona kitu kingine: pombe ambayo kwa Kitereza inarudisha mke nyumbani, kwa Zakaria inaibomoa nyumba, na tofauti haiko katika kinywaji. Kwa Kitereza pombe ina wadai, wasaidizi na mashahidi. Kwa Zakaria haina hata mmoja. Ni yeye na kiu yake. Kati ya riwaya hizo mbili zimo shule, fedha na kanisa, na mtu anayetaka kujua mabadiliko hayo yaliligusaje jambo dogo kama mtungi mmoja hana pazuri zaidi pa kuanzia.

Mwisho, njia za kuingilia. Kuna matini ya Kikerewe, kuna Kiswahili cha mwandishi mwenyewe, na kuna tafsiri: ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig, iliyotoka kwa majuzuu mawili mwaka 1991 na 1993, na ya Kiingereza ya Ruhumbika, aliyerudi kwenye Kikerewe na kuitoa kwa Mkuki na Nyota mwaka 2002. Msomaji wa Kiswahili anayo bahati ya kuisoma kwa maneno ya Kitereza mwenyewe. Aanze na sehemu ya kwanza hadi Bugonoka anaporudi kwake, na pembeni aweke daftari la kuandika nani anamdai nani: pombe, kazi, salamu, ziara. Kabla ya kumaliza sehemu hiyo ataona kwamba orodha ya madeni ndiyo ramani ya kisa. Kisha asome Rosa Mistika, halafu aingie nusu ya pili ya Kitereza, ambayo wahakiki wameigusa kidogo kuliko ya kwanza na ambayo inastahili tasnifu zake.

Kazi kubwa iliyobaki ni kulinganisha Kikerewe na Kiswahili cha Kitereza mstari kwa mstari: alichokiongeza, alichokiacha, alichokieleza upya kwa ajili ya msomaji asiye wa kisiwani. Kazi hiyo hawezi kuifanya mtu wa maktaba peke yake. Inahitaji wanaozungumza Kikerewe, hasa wazee waliolelewa nacho, wakae meza moja na wanafunzi wa fasihi. Mwenye lugha hiyo nyumbani kwao asidhani uwanja huu una wenyewe waliosoma zaidi. Tunamhitaji kuliko yeye anavyotuhitaji, na mlango uko wazi.