Firigisi ni ya Nani?

Kuku akichinjwa katika boma la Waisukha, sisi Waluhya wa Kakamega, kuna kipande kimoja ambacho hakikosi mwenyewe. Firigisi, ambayo sisi huiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Mgeni atapewa paja, watoto watagawana shingo na mabawa, lakini imondo isipoonekana kwenye bakuli la baba, chakula chote kinasimama. Nimewahi kuona mzee akinawa mikono, akaaga kwa upole na kwenda zake na njaa, kwa sababu tu kipande hicho kilipotea kati ya jiko na meza.

Nyumbani kwetu, karibu na soko la Khayega, imondo hukatwa vipande vidogo vidogo na kila mtu akapata chake. Anayeikata ni mume wangu mwenyewe. Hakuna mkutano uliofanyika wala mtu aliyemwamuru. Kitinda mimba wetu, msichana mwenye maswali mengi, alimtazama siku moja akiitafuna, akamuuliza, "Baba, kuku ana imondo moja tu?" Akamjibu ndiyo. "Na ya wiki iliyopita nani alikula?" Mume wangu alicheka hadi akaweka ugali chini, kisha akaomba kisu. Tangu hapo mila yetu ni hiyo, na mama mkwe wangu aliposikia alisema maneno mawili tu: "Nipeni changu."

Usisahau kwamba mama huyo ni wa kizazi ambacho mwanamke wa Kiluhya hakula kuku hata kidogo. Alimfuga, akamlinda na mwewe, akamnyonyoa na kumchoma manyoya kwenye moto, akampika, kisha akakaa jikoni na mboga zake. Kwa hiyo anapotafuna imondo yake sasa, polepole, akiwa ameketi mahali ambapo kila mtu anamwona, mimi humwongezea mchuzi.

Mimi ni fundi cherehani. Mabibi harusi wengi wa upande huu hupita mikononi mwangu, na nikiwazungushia utepe wa kupimia kiunoni huanza kuniuliza maswali ambayo hawawezi kumuuliza mama mzazi. Wanataka kujua ndoa ni nini hasa. Huwaambia ndoa ni kazi ya kugawa. Mnagawana chakula, mnagawana kazi, mnagawana nafasi ya kukaa, na kila mara maisha yanapobadilika mnakaa chini mnagawana upya. Mapenzi yapo, nami nayaamini kabisa, lakini hata mapenzi yanataka kujua nani ataamka kukama ng'ombe.

Kugawa kwenyewe nilifundishwa na huyo mama mkwe. Kwetu mke mpya hupikia kwanza jikoni kwa mama wa mume, mpaka siku atakayowekewa mafiga yake. Katika kipindi hicho alinifundisha kutengeneza musherekha, chumvi yetu ya asili. Unachukua mabua ya maharagwe yaliyokauka vizuri, unayachoma mpaka yawe majivu laini. Majivu unayatia kwenye chombo kilichotobolewa matundu chini, unakiweka juu ya bakuli, kisha unamimina maji kidogo kidogo. Hapo hakuna haraka. Maji yanayodondoka yanakuwa na rangi ya chai ya rangi, na ukiyaonja kwa ncha ya ulimi yanauma. Kijiko kimoja tu kwenye sufuria ya mrenda uliochanganywa na kunde, na mboga inalainika hadi inateleza yenyewe kooni. Yeye alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, akinitazama. Nikimimina kwa pupa husema, "Mwanangu, maji hayakimbizwi." Siku nilipowekewa mafiga yangu alinipa chombo kile kile chenye matundu, kimeiva kwa moshi. Na kuanzia siku hiyo, akija kwangu husimama mlangoni mwa jiko na kupiga hodi. Yeye, mama wa boma, anabisha hodi kwa msichana aliyemfundisha kupika! Sijui zawadi ya harusi iliyonigusa kuliko hodi hiyo.

Hodi hiyo ni mpaka, na mpaka mwingine uko kati ya mume wangu na mama yangu mzazi. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawakai karibu, wala mama hafanyi makazi kwa binti yake. Watu wa mjini huona ni ukali. Sasa sikiliza yaliyotukuta.

Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huja alasiri, wakati mwingine na mawe ya barafu yanayopiga mabati hadi watu wasisikilizane. Mama yangu alikuja kutoka upande wa Idakho kumwona mtoto mchanga, akitarajia kurudi mapema. Mbingu ikafunguka. Barabara ikawa tope tupu, hakuna bodaboda aliyekubali kutoka. Mama akakaa pembe moja ya sebule, mume wangu pembe ya pili, na kifungua mimba wetu katikati. Mama akasema, "Mjukuu wangu, mwambie baba yako mvua hii ni nzuri kwa mahindi." Mtoto akageuka: "Baba, kukhu anasema mvua hii ni nzuri kwa mahindi." Mume wangu, aliyekuwa amesikia kila neno, akajibu kwa heshima, "Mwambie kukhu ni kweli, na shamba lake linaendeleaje?" Mazungumzo yakaendelea hivyo mpaka taa zikawashwa, kuanzia mahindi, yakaenda kwa bei ya mbolea, yakaishia kwa ng'ombe wa mama aliyekataa kukamwa. Mtoto alichoka shingo. Usiku mume wangu alichukua mwavuli na blanketi akaenda kulala kwa ndugu yake, na mama akatandikiwa godoro katika jiko la nje, kwenye joto la moto. Kila mmoja alitoa kidogo, na asubuhi kila mmoja alinieleza, kwa faragha, jinsi mwenzake alivyo mtu wa adabu. Hawajawahi kugombana hata mara moja hao wawili. Wangegombania wapi?

Mahari ndiyo hesabu inayotupa vicheko vingi, kwa kuwa haiishi. Ng'ombe walikuja, blanketi la mama likaja, koti la baba likaja, ila mtamba mmoja wa mjomba wangu, khotsa, bado yuko njiani hadi leo. Khotsa humkumbusha mume wangu kila wanapokutana, iwe harusini au matangani. Nilimsomea Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inayotambua ndoa za aina tano nchini Kenya: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, zote zikiwa na hadhi moja zikisajiliwa. Nikamwonyesha kwamba pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo tu kikitolewa kinatosha kuthibitisha kuwa ndoa ipo. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Hiyo ni sheria nzuri," akasema. "Na mtamba ni wangu."

Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyotupeleka kwa msajili. Usajili wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017, na mimi nilitaka cheti. Tulikwenda na barua ya chifu, tumevaa vizuri, mume wangu amepaka viatu rangi. Afisa akauliza, "Mlioana tarehe ngapi?" Tukajibu kwa pamoja, na tukataja tarehe tofauti. Yeye alihesabu kuanzia siku ng'ombe walipofika kwetu, mimi kuanzia siku ya mafiga. Tukatazamana. Kumbe tulikuwa tumeishi miaka yote hiyo kila mmoja na harusi yake moyoni! Ndoa ya kimila haifungwi kwa saa moja kama ya kanisani. Inapanda hatua kwa hatua, na ndiyo maana sheria inataka taarifa itolewe ndani ya miezi mitatu baada ya hatua zinazohitajika kukamilika. Tulikubaliana na siku ya ng'ombe, maana siku hiyo ilikuwa na mashahidi wengi. Siku ya mafiga tunaisherehekea wenyewe, kwa mrenda.

Nawaambia pia wateja wangu kuhusu Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, kwa sababu wengi hawaijui. Inasema mchango wa mtu katika mali ya familia si fedha pekee. Kazi za nyumbani zinahesabiwa, kulea watoto kunahesabiwa, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, na hata kuwa mwenza wa kukaa naye. Mimi hiki cha mwisho nimekipenda sana. Ule muda wa jioni unaokaa na mumeo mkisikilizana, wabunge waliuandika katika sheria. Lakini Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, na kila mmoja ataonyesha alichochangia. Ndiyo maana sisi tuna daftari. Mabati ya jikoni, cherehani ya pili, karo ya muhula, mbolea, vyote vimeandikwa na jina la aliyetoa. Kuna wanaoniambia kuandika ni kukosa kuaminiana. Mimi naona ni kinyume chake: tunaandika mchana, wote wawili, kwenye meza moja, tukiwa tumeshiba na tunapendana. Atakayesubiri ugomvi ndipo atafute risiti atapata taabu.

Sijasema mume wangu ni mtu wa namna gani. Ni mtu wa mafahali. Jumamosi alfajiri ngoma za isukuti zikianza kulia upande wa Shinyalu, ile kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala, hata kama amelala fofofo ataamka. Ngoma hiyo iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kwa jinsi anavyoifuata ningesema sehemu yake ya ulinzi ameifanya. Ndugu yake hufuga fahali wa kupigana, na wanamtunza pamoja. Wanajua akipumua vibaya, wanajua akikataa majani ya aina fulani.

Mwanzoni niliuonea wivu uangalizi ule. Kisha usiku mmoja mtoto wetu wa pili alikuwa anakohoa, nami nikisema ni mafua ya kawaida. Mume wangu akainama, akaweka sikio mgongoni mwa mtoto kama anavyofanya kwa yule mnyama, akasikiliza. "Hiki si kikohozi cha jana," akasema. Akambeba akatoka naye. Daktari alituambia ni nimonia, na kwamba tumefika mapema. Tangu hapo homa na vikohozi vya nyumba hii ni fungu lake, nami sijui kabisa chupa ya dawa iko kabati gani.

Kazi za shule nazo tulizigawa, kwa lazima. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa mwaka 2019, na wazazi wote wa Kenya wanajua sauti ile ya saa tatu usiku: "Mama, mwalimu amesema tulete." Kitinda mimba alipofika gredi ya nne alitakiwa kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani. Mimi nilishona kichwa na mikono, nikajaza majani makavu. Ikabaki nguo. Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la baba yake akatoa jezi ya AFC Leopards, ya buluu na nyeupe, iliyochakaa mabegani.

Lazima mtu awe mtu wa huku kuelewa uzito wa jambo hilo. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na mume wangu huweza kukusimulia ubingwa wake wa ligi wa 1998 kama aliyeucheza. Alisimama, akaitazama jezi, akamtazama mtoto. "Ndege wataiogopa?" akauliza. "Wataiogopa sana, Baba." Akamvalisha sanamu mwenyewe, akamnyoosha kola. Alama zilikuwa nzuri. Sanamu bado iko kwenye maharagwe yetu, na mume wangu akipita na ndoo ya kukamia huipigia saluti.

Kijana wetu amehamia isimba yake, nyumba ndogo ya mvulana aliyekua, hatua chache kutoka kwetu. Amehamia kwa usingizi tu. Chai, ugali na chaja ya simu bado viko upande wangu, na sina haraka ya kugawa hivyo.

Lakini kifungua mimba, yule wa katikati ya sebule, sasa anasoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na senje yake, yaani shangazi, ameleta ujumbe kwamba kuna wazee wangependa kuja kuona boma. Mume wangu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza hao watu ni wa wapi na wanafuga ng'ombe wa aina gani. Nilimkumbusha kuhusu ile sheria ya mahari kidogo. Akanijibu kwa sauti ya khotsa, neno kwa neno.

Mimi nina wasiwasi wa aina nyingine. Nitakuwa na mkwe, na mvua zetu nazijua. Nimeomba tujenge chumba kando, chenye mlango wake na baraza pana, kabla ya Machi. Mume wangu anataka baraza litazame zizi, mimi nataka litazame barabara ya Kakamega ili nione wageni wakifika. Fundi amesema linaweza kuzunguka pembe likatazama kote, ila mawe yataongezeka. Jioni tutaandika kwenye daftari nani atalipa mawe na nani mabati.