Anayetaka Kuacha Pombe Atafute Wenzake

Ni nani kati yetu asiyemjua mtu wa namna hii? Ni karani mwenye hati nzuri, au mkulima ambaye kahawa yake ilikuwa ikisifiwa na majirani. Siku ya mshahara hafiki nyumbani mapema. Asubuhi humwapia mkewe kwamba hatakunywa tena, na kiapo hicho hukitoa kwa moyo wa kweli. Lakini jua likitua, miguu yamchukua njia ile ile ya jana. Watu husema kwamba hana haya. Madaktari husema kwamba ni mgonjwa, na ugonjwa wake una tiba.

Kosa la watu wa namna hii, mara nyingi, si kukosa nia. Kosa ni kwamba hujaribu kuacha peke yao, kwa siri, wakiona aibu. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kabla ya kuendelea, yafaa tujue jambo moja kubwa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari. Mwili uliozoea pombe, ukiinyimwa kwa mara moja, huweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo. Hatari hiyo huja katika siku chache za kwanza, na wako waliokufa kwayo. Basi hatua ya kwanza ni hospitali.

Lakini hospitali humtoa mtu pombe mwilini tu. Akirudi nyumbani, njia ya kilabu ipo pale pale. Hapo ndipo wenzake wanapohitajika. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bwana Bill Wilson, mfanyi biashara aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alifika huko kwa shughuli iliyomwendea vibaya. Akiwa hotelini aliisikia baa ikimwita. Badala ya kuingia, alikwenda kwenye simu, akawapigia viongozi wa dini wa mji ule akiuliza kama wamjua mlevi yeyote ambaye angeweza kuzungumza naye.

Kwa njia hiyo alikutanishwa na daktari mmoja mpasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa karibu kumharibia kazi. Daktari alikubali kumsikiliza kwa dakika 15 tu, lakini walizungumza kwa saa nyingi, kwa kuwa mgeni huyu hakumhubiria. Alimweleza yaliyompata yeye mwenyewe. Daktari alianguka tena mara moja, akasimama, na tarehe 10 Juni 1935 akanywa pombe yake ya mwisho. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ambacho leo kimeenea duniani, na hapa Kenya pia kina mikutano.

Mkutano wenyewe hauna fahari. Watu huketi chumbani, mara nyingi katika jumba la kanisa, wakanywa chai. Mmoja hujitaja kwa jina lake la kwanza, akasema kwamba yeye ni mlevi, akaeleza alivyokuwa na alivyo sasa. Wengine husikiliza bila kumkatiza wala kumlaumu. Hakuna ada, wenye nacho huchangia kidogo kwa hiari. Hapana anayeulizwa dini, kabila wala cheo, na lisemwalo ndani halitolewi nje. Sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha pombe. Mgeni asiyetaka kusema huruhusiwa kunyamaza. Baadaye humchagua mtu wa zamani wa kumwongoza, ambaye aweza kumpigia simu saa ile tamaa inapomshika.

Je, jambo hili lafaa kweli? Mwaka 2020 wataalamu walikusanya chunguzi 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba walioelekezwa kwa utaratibu katika mikutano hii waliweza kukaa bila pombe kabisa kwa wingi kuliko waliopewa matibabu mengine ya mashauri.

Pa kuulizia ni pengi. Mwulize daktari au mwuguzi wa hospitali iliyo karibu, au kasisi, au imamu. NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi, lina simu isiyolipiwa, namba 1192. Tena iko mikutano ifanywayo kwa simu na intaneti, ambayo humfaa mtu aliye mbali na mji. Ukienda mkutano wa kwanza usiupende, jaribu wa pili kabla ya kukata shauri, maana kila kundi lina tabia yake.

Na kama hakuna mkutano wilayani kwenu? Kumbuka kwamba pale Akron walianza wawili. Kwa desturi ya chama hiki, walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe, tayari ni kundi. Jirani aliyeacha miaka iliyopita, ambaye watu wamsifu lakini hapana amwulizaye aliwezaje, huenda ndiye mtu wa kumwendea.

Jamaa za mlevi nao wasisahauliwe. Mke wa Bwana Wilson, Bibi Lois, alishiriki mwaka 1951 kuanzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, kwa sababu aliona kwamba anayeishi na mlevi naye huumia, hata kama hajaonja tone.

Basi, msomaji, ukimjua mtu wa namna hii, usimpe hotuba, wala usimfungie mlango. Mtafutie siku na mahali pa mkutano, kisha umwambie, "Twende, nitakungoja nje." Kidole kimoja hakivunji chawa.