Kigari cha Kutembelea na Udongo wa Simiyu

Kigari cha magurudumu manne, chenye vishikio viwili vya breki na kiti cha kupumzikia, ambacho Aina Wifalk wa Uswidi, aliyepooza kwa polio ujanani mwake, alikibuni mwaka 1978, hupatana sana na sakafu ya saruji. Lakini anayekabidhiwa kigari hicho Bariadi, mkoani Simiyu, hana budi kufahamu tangu siku ya kwanza kwamba hadhari yake kubwa ni udongo. Luseni, ule mchanga mwepesi wa miinukoni, humeza magurudumu ya mbele hata kigari kikasita ghafula ilhali mwili ungali waenda. Na udongo mweusi wa mbugani, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ni heri uzungukwe, japo safari irefuke. Barabara ya lami itokayo Maswa kwenda Lamadi ni laini, naam, ila mwenye kigari apite pembeni kabisa, upande wa kulia, ayaone magari yanayomjia.

Vishikio navyo vipimwe. Mtu asimame wima na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia, kishikio kilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono. Akikishika, kisukusuku kitapinda kidogo tu. Aliyerithi kigari cha marehemu shemeji yake, aliyekuwa mrefu kuliko yeye, asione haya kukishusha. Kisha atembee kati ya magurudumu ya nyuma, wala asikisukume mbele kwa mikono iliyonyooka.

Hatari nyingine kubwa imo katika kuketi na kuinuka. Mwenye kutaka kuketi kwenye kiti cha nyumbani ageuke taratibu mpaka ahisi kiti nyuma ya miguu yake, afunge breki zote mbili, ndipo ajishushe. Akiinuka, asijivute kwa kigari, maana kitamkimbia. Ajisukume kwa kiti alichokalia, na kama ni kigoda kifupi, kisicho na pa kushika, mjukuu asimame karibu. Mjukuu huyohuyo akatazwe kumsukuma bibi mpaka mnadani akiwa ameketi juu ya kigari, kwani jiwe moja tu latosha kukipindua.

Fauka ya hayo, si kila mgonjwa afaaye kupewa magurudumu manne: ambaye lazima auegemeze mwili wake wote, fremu isiyo na magurudumu humsitiri zaidi, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kuamua.

Breki huharibiwa na vumbi, na waya wake hulegea. Fundi baiskeli, ambaye Bariadi hakosekani, aweza kuukaza, kwani ni waya wa jinsi ileile aijuayo. Akimaliza, breki zifungwe na kigari kisukumwe hapohapo mbele yake: gurudumu likizunguka, ijapokuwa kidogo, kisitoke pale mpaka kitengenezwe upya.