Kwa Nini Sarafu ya Zamani Hupungua Uzito?

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika somo la zaka huulizwa swali hili: mtu aliyerithi sarafu za fedha za zamani, azihesabu au azipime? Jibu ni kuwa azipime. Tuone sababu.

Neno fedha limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni yale madini meupe. Zamani pesa ilikuwa madini yenyewe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani walitumia reale ya Maria Theresa, iliyoandikwa mwaka 1780, pamoja na rupia ya India. Wajerumani walianza kutoa rupia yao mwaka 1890. Kisha mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba.

Uzito wa sarafu hizo zikiwa mpya ni huu:
- Reale: gramu 28.07, na fedha safi ni sehemu 833 kati ya 1000.
- Rupia: gramu 11.66, na fedha safi ni sehemu 917 kati ya 1000.
- Shilingi ya simba hadi 1946: gramu 7.78, na fedha safi ni robo tu. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ingawa sura zinafanana.

Ukiipima ya zamani utaikuta imepungua. Sababu ni nne.

Kwanza, msuguano. Sarafu hupita mkono kwa mkono na kugongana na wenzake mfukoni. Kila mara hupoteza chembe zisizoonekana. Ndiyo maana sura na maandishi, yaliyoinuka juu, hufifia mwanzo.

Pili, kusuguliwa kwa mchanga au majivu ili ing'ae. Weusi unaoondoka ni fedha iliyokwisha kugeuka, hivyo uzito nao huondoka.

Tatu, unyevu na chumvi. Fedha ya sarafu imechanganywa na shaba. Ikifukiwa ardhini shaba hiyo huliwa polepole.

Nne, mkono wa mtu. Wapo waliokata au kupiga tupa ukingo ili waibe fedha. Meno ya pembeni mwa sarafu yaliwekwa ili wizi huo uonekane. Nyingine zilitobolewa zivaliwe shingoni.

Lakini tahadhari. Ikiwa sura bado imekoza na uzito umepungua sana, hapo si uchakavu. Huenda ni ya bandia, iliyotengenezwa kwa madini mepesi kuliko fedha.

Sasa turudi kwenye zaka. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo wanachuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa gramu 595. Tuseme mtu ana reale 26. Zikiwa mpya, zina fedha safi gramu 608 hivi, basi zimefika nisabu. Zikipitiwa na mwaka atatoa sehemu moja katika arobaini. Lakini kila moja ikiwa imepungua gramu 1 tu, fedha safi iliyobaki ni gramu 586 hivi. Hazijafika! Idadi ni ileile, hukumu imebadilika. Akiwa na fedha nyingine, amwulize mwalimu wake namna ya kujumlisha.

Hali kadhalika katika kubadilishana. Fedha kwa fedha sharti zilingane uzito, mkono kwa mkono. Anayetoa reale kumi chakavu na kupokea kumi mpya anaingia katika riba. Njia salama ni kuuza zile za zamani kwa shilingi za leo, kisha kununua nyingine.

Wanafunzi wa Bariadi mnaijua mizani ya kununulia pamba. Hiyo hupima kilo, gramu moja haioni. Nendeni kwa sonara, mpime kumi kumi kisha mgawanye. Msimamie wenyewe, maana Qur'ani ina sura, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunjaji wa vipimo. Mkulima anayelalamika kupunjwa pamba yake asimpunje maskini haki yake ya zaka.