Pikapu za haibridi: mkulima atafaidika wapi?

Pikapu ni chombo cha kazi. Anayenunua gari la kutembelea anaweza kushawishika na rangi au viti, lakini mwenye pikapu huuliza inabeba mzigo gani, inavuta tela la tani ngapi na inakunywa mafuta kiasi gani. Sasa kwa kuwa makampuni makubwa yanatoa pikapu za haibridi, yaani zenye injini ya mafuta inayosaidiwa na mota ya umeme, ni vema maswali hayo hayo yaulizwe kabla ya kusikiliza matangazo.

Jambo lenyewe si geni. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwaka 1997. Katikati ya miaka ya 2000 General Motors ya Marekani ikatoa pikapu ya Chevrolet Silverado yenye mfumo mdogo wa haibridi, na mwaka 2009 ikaja na mfumo mkubwa na wa gharama zaidi. Wateja walikuwa wachache mno, na kufikia mwaka 2013 biashara hiyo ikafungwa. Safari hii upepo umegeuka. Desemba 2025 Ford ilitangaza kuachana na F-150 Lightning, pikapu yake ya umeme mtupu, na kwamba itakayoirithi itakuwa na injini ya mafuta ya kuchaji betri ikiwa njiani. Walioruka moja kwa moja kwenye umeme wanarudi kwenye mchanganyiko.

Hata hivyo, kurudi kwa makampuni hakumaanishi kwamba kila mnunuzi atafaidika. Haibridi haizalishi nguvu kutoka hewani. Dereva anapokanyaga breki, nguvu ambayo ingepotea kama joto inageuzwa kuwa umeme na kuwekwa kwenye betri, kisha hutumika gari linapoondoka tena. Gari likisimama kwenye foleni, injini huzimika. Pasipo kusimama wala kupunguza mwendo, cha kuokoa ni kidogo sana.

Tazama Ford F-150 ya mwaka 2021 inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, ile yenye injini ya kawaida ya lita 3.5 ilitumia takriban lita 13.1 kwa kilometa 100 za mjini, na ya haibridi lita 9.8. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya lita tatu. Barabara kuu, ya kawaida ilitumia lita 10.2, na ya haibridi lita 9.8 zile zile. Tofauti ni kama glasi mbili za maji!

Chukua basi mkulima anayepakia nyanya Ilula, mkoani Iringa, na kuzipeleka Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya safari ni mwendo mmoja katika barabara kuu, gari likiwa limeelemewa. Betri ya Ford hiyo ina kilowati-saa 1.5 na mota yake kilowati 35. Ukiikamua mota yote, umeme unaisha chini ya dakika tatu. Mteremko wa Kitonga utairudishia kitu, lakini betri ndogo kiasi hicho hujaa upesi, na baada ya hapo ni gia na breki kama kawaida. Msambazaji wa maziwa anayesimama kila duka kuanzia Mwenge hadi Kariakoo ndiye mwenye sababu ya kuitamani.

Kwa wengi wetu, lakini, pikapu maana yake ni Hilux. Mwaka 2024 Toyota ilianza kuuza Hilux ya dizeli ya lita 2.8 yenye mfumo wa volti 48 katika masoko kadhaa, Afrika Kusini likiwemo. Mota yake ni ya kilowati 12 tu na betri iko chini ya kiti cha nyuma. Toyota yenyewe inataja akiba ya mafuta isiyozidi asilimia tano. Tupige hesabu: gari linalotumia lita 10 kwa kilometa 100 na kutembea kilometa 20,000 kwa mwaka linamaliza lita 2,000. Asilimia tano ni lita 100. Zidisha kwa bei ya dizeli ya kituo chako, kisha linganisha na nyongeza ya bei utakayotajiwa dukani. Ikiwa akiba ya miaka mitano hairudishi nyongeza hiyo, mimi nisingeilipa.

Kuna kundi la tatu, lile linalochajiwa kwa umeme wa nyumbani. Humo imo BYD Shark ya China, iliyozinduliwa Mexico mwaka 2024, na Ford Ranger inayounganishwa Silverton, Afrika Kusini. Shark ina betri ya karibu kilowati-saa 30, hivyo safari fupi za shamba na mji zinaweza kufanyika bila kuwasha injini. Lakini inavuta kilo 2,500, wakati Hilux ya dizeli na Ranger hiyo zinavuta 3,500. Mwenye tela la ng'ombe asiipite namba hiyo haraka haraka.

Faida ambayo nadhani itaziuza pikapu hizi vijijini ni soketi zilizo kwenye bodi. F-150 ya haibridi inaweza kutoa hadi kilowati 7.2, zinazotosha kuendesha mashine ya kuchomelea au pampu ya maji. Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme jimboni Texas, wenye magari hayo waliyatumia kuwasha taa na vipasha joto majumbani. Umeme huo, ukiacha ule uliochajiwa nyumbani, unatokana na petroli, kwa hiyo si wa bure. Anayehitaji pampu peke yake anunue jenereta. Lakini kwa anayehitaji gari na jenereta kwa pamoja, hesabu inabadilika.

Limebaki suala la mitumba, ambako wengi wetu ndiko tunakonunulia. Nchini Marekani Ford huidhamini betri ya haibridi kwa miaka minane au maili 100,000, takriban kilometa 160,000. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane. Maana yake ni kwamba mengi yatapanda meli dhamana ikiwa inaelekea ukingoni, na gereji zetu za chini ya mwembe bado hazina vifaa vya kupima betri za volti mia kadhaa. Kabla ya kulipa, mnunuzi adai karatasi ya vipimo vya betri kutoka kwa muuzaji, na asipopewa, bei ishuke kwa thamani ya betri mpya.