UZI: Nani alikuandikisha chamani? Simu yako, kitambulisho chako na siasa

1/ Kila suala la data likiingia kwenye mjadala wa kisiasa, hakosi mtu wa kuuliza: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Nimelisikia swali hilo redioni, nimelisikia darasani, na juzi nikalisikia hapa stejini Ikonge tukingoja matatu ijae. Leo tulijibu polepole. Kama kawaida, hakuna kutaja chama wala mwanasiasa.

2/ Turudi Juni 2021. Wakenya walipata njia ya kuangalia kwenye eCitizen kama majina yao yamo katika rekodi za Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Watu waliingia kwa udadisi tu. Wengi wakatoka na hasira, maana walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Malalamiko yakafika hadi kwa Kamishna wa Data.

3/ Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepanga kuomba ukarani wa uchaguzi wa 2022. Ni kazi ya siku chache, lakini kwa kijana wa huku hiyo ni pesa ya maana. Na kazi hiyo haimtaki mwanachama wa chama. Akaangalia, akajikuta chamani. Huyu ni mtu ambaye hata kofia ya kampeni hajawahi kupokea.

4/ Sasa, chama kinamtakia nini mtu asiyekijua? Ni hesabu. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inasema chama kikitaka usajili kamili, lazima kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, wote wapiga kura waliosajiliwa, katika kila kaunti kati ya zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, kwa hivyo ni angalau 24. Hapo tayari ni watu 24,000. Kuwatafuta mmoja mmoja ni nauli na jasho. Ukipewa orodha iliyo tayari, kishawishi unakiona.

5/ Na orodha ziko kila mahali. Hebu jiulize umeacha jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho mara ngapi. Kitabu cha duka la M-Pesa. Kitabu cha askari wa getini. Fomu ya basari. Karatasi inayozungushwa kwenye mkutano wa "vijana wajiandikishe wasaidiwe". Zote hukaa wazi mezani, na kila mtu ana simu yenye kamera. Picha moja inabeba watu thelathini.

6/ "Si ni jina tu?" Hapana. Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema mgombea huru lazima asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mama wa soko akiamua kugombea uwakilishi wadi bila chama, anaweza kukwamishwa na fomu ambayo hakuijaza.

7/ Sheria inakulinda wapi? Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, pamoja na mawasiliano yako. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Una haki ya kuambiwa data yako inatumiwaje, kuiona, kukataa isitumiwe, kusahihishiwa makosa, na kufutiwa ya uongo. Ukilalamika kwa Kamishna wa Data, uchunguzi unafaa kumalizika ndani ya siku 90. Faini ya shirika inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka, ile iliyo ndogo.

8/ Hapa kuna kitu ambacho wanaojadili huruka. Sheria yetu ina orodha ya "data nyeti": afya, kabila, imani, ndoa, mali, alama za mwili na kadhalika. Msimamo wa kisiasa haukutajwa kwa jina. Sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 2018, inautaja wazi. Mtu akija kukuomba kura akijiita mtetezi wa faragha, muulize: utaongeza hilo?

9/ Tuwe waungwana na upande wa pili pia. Chama kinahitaji kuwajua wanachama wake, na serikali haiwezi kupanga bila rekodi. Hiyo ni kweli. Lakini swali si kama data ikusanywe. Swali ni nani aliridhia, na inatumiwa kwa kazi gani. Kila boma hapa kwetu lina choo chenye mlango. Hakuna anayedhani aliye ndani anafanya uhalifu.

10/ Ya kufanya leo, simu ikiwa mkononi:
• Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu iondolewe.
• Weka pini ya skrini na pini ya laini. Simu ikiibwa, mwizi asihamishe laini yako kwenye simu yake.
• Pini ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Huo umeandikwa kwenye kitambulisho.

11/ Zinaendelea:
• Ingia kwenye mipangilio ya simu uangalie programu gani zinasoma namba zako zote. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa mtandaoni kutumia orodha hiyo kukuaibisha kwa jamaa zako ukichelewa kulipa.
• Usitume picha ya kitambulisho kwenye kundi la WhatsApp, hata la harambee.
• Angalia uanachama wako sasa, kabla 2027 haijafika. Ukijikuta chamani bila kujua, piga picha ya skrini kwanza kama ushahidi, halafu ndipo ujiondoe na ulalamike.

12/ Na wafundisheni wazazi. Siku za bonasi ya majani chai, tapeli humpigia mama simu na kumtaja kwa majina yake yote matatu. Mama anaamini kwa sababu anadhani asiyemjua hawezi kuyajua. Mwambie tu: kujua jina langu si kunijua mimi.

13/ Kaka yangu ilibidi aandike barua ya kujiuzulu kutoka chama ambacho hakuwahi kujiunga nacho. Jioni hiyo mzee wetu akamuuliza, nusu utani nusu kweli: "Kwani ulikuwa unatuficha?"

Hakuwa na cha kuficha. Na bado ndiye aliyetakiwa kujieleza.

Mwisho wa uzi. Angalia jina lako, kisha uniambie ulichokuta. Namba ya kitambulisho usiiandike hapa chini, tafadhali.