Majina Mengi, Miungu Mingapi?

Katika wadi ya Wabera, mjini Isiolo, Mungu hutajwa kwa lugha nyingi kabla jua halijapanda. Mborana humwita Waaq, Mturkana Akuj, Msamburu Nkai, Mmeru Murungu. Waislamu wa makabila yote humwita Allah. Na hao wote wakikutana sokoni na kusemezana kwa Kiswahili, husema Mungu, wakaendelea na biashara yao. Je, mgeni anayesikiliza ahesabu miungu mingapi?

Swali hili si la mzaha. Siku hizi vijana wetu wanajifunza habari za miungu mingi mahali ambapo wazazi wao hawapatazamii, yaani katika michezo ya kubuni ambamo mchezaji hujivika nafsi ya mtu mwingine, akasafiri katika nchi isiyokuwepo, akapigana na mazimwi, na akaabudu. Mchezo ulioanzisha mtindo huu, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulichezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Baadaye ukazaa michezo ya kompyuta, na mmoja wa wajukuu zake, Baldur's Gate 3, uliotoka mwaka 2023, umechezwa na mamilioni ya watu duniani.

Tangu mwanzo, mojawapo ya dhima za kuchagua katika mchezo huo ilikuwa ile ya kuhani, mtu aponyaye majeraha kwa nguvu za mbinguni. Kadiri miaka ilivyopita, waandishi walimtaka kuhani huyo aseme ni mungu yupi anayemtumikia. Mwaka 1980 kikatoka kitabu kizima cha miungu, Deities & Demigods, ambamo hata miungu ya Wagiriki na Wamisri wa kale iliorodheshwa na kupewa alama za uhai, kana kwamba nayo ni wapiganaji wa kupimwa nguvu. Katika ulimwengu uitwao Forgotten Realms, ambao ndio mandhari ya Baldur's Gate, mambo yamekwenda mbali zaidi. Mtu anatazamiwa kuwa na mungu mmoja aliye mlinzi wake. Nguvu za mungu hutegemea wingi wa wafuasi wake. Na kuna ukuta wa kutisha huko ahera, ambamo roho za watu waliokufa bila kumfuata mungu yeyote hutiwa kama mawe.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asite kidogo. Je, huo ni uabudu wa miungu mingi? La hasha. Hizo ni dini za Mungu mmoja mmoja zilizopangwa bega kwa bega, kama timu za kandanda katika ligi. Kila mtu ana timu yake, ana rangi zake, na akihama huitwa msaliti. Waandishi wa michezo hiyo walilelewa katika jamii zilizozoea kuwa mwamini ni wa Mungu mmoja na kanisa moja. Walipotaka kubuni miungu mingi, walichukua mazoea hayohayo wakayazidisha mara kumi au ishirini.

Miungu mingi ya kweli haifanyi kazi hivyo. Hatuna haja ya kwenda Ugiriki kutafuta mfano. Tuvuke tu mpaka hadi Buganda. Katika dini ya jadi ya Waganda kuna Katonda, muumba, na chini yake kuna balubaale, kila mmoja na kazi yake. Mukasa ni wa Ziwa Nyanza, na hekalu lake kuu lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, miongoni mwa visiwa vya Ssese. Kibuka, nduguye Mukasa, ni wa vita. Ddungu ni wa uwindaji. Kawumpuli ni wa tauni, na Walumbe ni wa mauti. Mganda wa zamani hakuulizwa, "Wewe ni wa nani?" Akienda kuvua, alikuwa na shughuli na Mukasa; akiitwa vitani, na Kibuka; akiingia mwituni na mbwa wake, na Ddungu. Mtu yuleyule, mwaka uleule, bila kumsaliti yeyote. Koo mbalimbali zilitunza mahekalu, mwaguzi aliyepandwa na lubaale alinena kwa niaba yake, na Kabaka mwenyewe alipeleka zawadi.

Maana yake ni kwamba ibada ya miungu mingi ni mgawanyo wa kazi na mfumo wa kupeana. Mtu hutoa tambiko au nadhiri, akatazamia msaada katika jambo mahususi. Miungu yenyewe ni jamaa: ndugu, mume na mke, baba na wana. Kumheshimu mmoja na kumdharau nduguye kungekuwa utovu wa adabu, sawa na mgeni anayemsalimu mwenye nyumba na kumpita mkewe. Inafaa kukiri kwamba si michezo yote iliyokosea. RuneQuest, uliotolewa mwaka 1978 kwa msingi wa ulimwengu wa Glorantha uliobuniwa na Greg Stafford, ulimruhusu mtu wa kawaida kushiriki ibada za miungu kadhaa, na miungu hiyo ilikuwa na ndoa na ujamaa. Stafford alizichukulia kwa uzito hadithi za jadi za watu wa kale, na juhudi hiyo inaonekana.

Sasa turudi Isiolo na swali letu. Isimu inatupatia kipimo chepesi, nacho ni tafsiri. Mganda asemapo Mukasa, huwezi kuliondoa jina hilo ukaweka Kibuka bila kuharibu maana, kwa kuwa umemwita mwingine. Lakini Mborana anapomweleza Mturkana kwamba Waaq ameleta mvua, mkalimani husema Akuj bila kusita, na hakuna anayeuliza, "Huyo Waaq ni nani?" Watafsiri wa Biblia walifanya vivyo hivyo: Kiborana kikapewa Waaq, Kiturkana Akuj, Kisamburu Nkai. Hawakuona haja ya kuleta jina geni, kwa sababu walimkuta mwenye kutajwa ana jina tayari.

Maneno yenyewe yana jambo la kutufundisha. Lugha hizo ni za mbari tofauti: Kiborana ni cha Wakushi, Kiturkana na Kisamburu ni vya Waniloti, Kimeru ni cha Wabantu. Hata hivyo, Waaq ni jina la Mungu na pia la mbingu; Nkai hufungamana na mbingu na mvua; Akuj ni jamaa wa neno lenye maana ya juu. Wafugaji wa nchi kavu, kila kabila kwa ulimi wake, waliinua macho upande mmoja. Wakikuyu na Wakamba walilichukua jina Ngai kutoka kwa wasemaji wa Kimaa, wala hawakudhani wameazima mungu wa jirani. Waliazima neno.

Ni kweli kwamba kipimo hiki kinahitaji uangalifu. Wamaasai hunena juu ya Enkai mweusi, mpole, aletaye mvua, na Enkai mwekundu, mwenye ghadhabu, aletaye ukame. Baadhi ya Wazungu walioandika habari hizo waliona miungu wawili. Wengine, kwa haki zaidi nadhani, wameona nyuso mbili za mmoja, kama Waislamu wanavyomtaja Mwenyezi Mungu kwa sifa tisini na tisa bila kumgawa. Waborana nao wana siku 27 zenye majina katika kalenda yao, kila moja na ayyaana yake, yaani nguvu au bahati iletwayo na siku hiyo. Mwenye mazoea ya michezo angeziandika zote katika orodha ya miungu na kuzipa alama za uhai. Angekuwa amehesabu maneno na kuacha ibada yenyewe.

Sisemi kwamba dini zote ni moja. Sheikh na padri wana hoja nzito za kutofautiana, na sina haki ya kuwafungia mjadala wao. Nasema tu kwamba wanatofautiana juu ya mmoja.

Jambo hili lina uzito Isiolo kuliko mahali pengi. Wadi ya Wabera inabeba jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa mwaka 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido, siku ambazo Kenya ilikuwa ikikaribia uhuru na mpaka wa kaskazini ukibishaniwa. Mauaji yale yalikuwa ya siasa. Mapigano yaliyofuata miaka mingi baina ya wafugaji yamekuwa ya malisho, maji, mifugo na mipaka. Hayo yote yanaweza kukaliwa kitako na kusuluhishwa. Lakini mara tu mtu anapoanza kusema "mungu wao" na "mungu wetu", ugomvi wa kisima hugeuka kuwa ugomvi wa mbingu, nao hauna mwamuzi. Ligi ya miungu inapendeza mezani, ambapo aliyeuawa huandikwa upya kwenye karatasi nyingine. Katika kata zetu karatasi hiyo haipo.

Basi tusiwakataze vijana michezo. Tuwafundishe kuuliza maswali mawili. Kwanza, mwabudu huyu anamwendea nani, kwa haja gani, na je, akimwendea mwingine kesho atakuwa amekosa? Hapo watatambua miungu mingi ilivyo kwa kweli. Pili, jina hili likitafsiriwa kwa lugha ya jirani, yeye atatikisa kichwa kwa kukubali au atashangaa? Wazee wa Isiolo wanaokutana kutafuta amani, na kumwachia kila mmoja aombe kwa lugha yake huku wengine wakiitikia, wamelijibu swali hilo la pili zamani. Hakuna ambaye huitikia dua anayoamini imepelekwa kwa mungu wa adui.